Gaza, kahawa chungu, na Mayahudi tusiowajua

Jumapili usiku. Stima imekatika toka magharibi na simu inakaribia kuzima, lakini hili nisipoliandika leo sitalala.

Toka ile Oktoba ya 2023 baraza letu halijamaliza wiki bila kuizungumza Gaza. Siasa za kaunti zinakuja zinapita, mpira unapita, bei ya unga tunalia kidogo tunanyamaza, Gaza inarudi palepale, na hata waliposema vita vimesimamishwa Oktoba 2025 watu hawakuacha maana picha nazo hazikuacha kuja. Na mi siwalaumu hata kidogo. Mtu akitazama majumba yalivyolala chini kutoka Rafah mpaka Jabalia, watu zaidi ya 60,000 wameuawa kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, watoto wamekonda mbavu unazihesabu huku malori ya chakula yamezuiwa mpakani, halafu asikasirike, huyo mi nitamuogopa. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu nawajua watu wetu, ukishasema "lakini" tu ushawekwa upande wa Netanyahu.

Lakini sasa. Hasira ikianza na Netanyahu, kikombe cha pili hakijaisha imeshafika kwa "Mayahudi", wote kwa jumla, wa Tel Aviv na wa New York na wa Morocco, waliokufa na watakaozaliwa. Juzi mzee mmoja wa pale, mtu wa heshima zake, akimuona paka kagongwa barabarani atainama amtoe njiani, kasema Hitler alikosea kuwabakisha. Kasema hivyo huku anamega kashata. Hakuna aliyeshtuka, dele likazunguka, vikombe vikajazwa. Nikamwambia Ami, aliowaua Hitler walikuwa milioni 6, watoto peke yao zaidi ya milioni moja, na dola ya Israel ilikuwa haijaundwa bado, sasa hao waliuawa kwa kosa gani la Gaza? Akanambia wewe mtoto wa juzi, na wenzangu wakacheka, na kwa kweli ni mtoto wa juzi kwake, lakini swali halikujibiwa.

Na watu wa Pwani tungekuwa wa mwisho kusema maneno kama yale. Tarehe 28 Novemba 2002, Alhamisi asubuhi, tena ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, gari lililojaa mabomu lilivunja geti la hoteli ya Paradise kule Kikambala. Wageni kutoka Israel ndo kwanza wanafika, wanapokelewa kwa ngoma. Wakati huohuo makombora mawili yakarushwa kwa ndege ya Arkia, shirika la Israel, iliyokuwa inapaa kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, yakaikosa. Al-Qaeda wakajitapa wamewapiga Mayahudi. Hesabu ilipokuja, watu 13, na 10 kati yao ni Wakenya, wacheza ngoma na wafanyikazi wa hoteli, na Waisraeli watatu ambao wawili wao walikuwa watoto, ndugu wa tumbo moja. Hiyo ndo Palestina iliyokombolewa pale Kikambala. Kuna mama mmoja wa Kigiriama tulikuwa tukinunua madafu kwake, mpwa wake alikuwa mchezaji wa ngoma huko mahotelini, yeye akisema mpwa wake hajawahi kumuuliza mgeni dini yake hata siku moja, swali lake lilikuwa moja tu, leo kutakuwa na nauli ya kurudi?

Halafu ikawa zamu yetu. Wale wanaokumbuka miaka ile wanajua, misako usiku, vijana wanasombwa, mtu anashushwa kwenye matatu kwa ajili ya ndevu na kanzu. Kaka yangu alikaa rumande siku kadhaa kwa sababu jina lake linafanana na la mtu anayetafutwa, na majina yetu sisi mnayajua yalivyo, ukiita Mohamed Ali hapo Marikiti watageuka watu thelathini. Alipotoka hakuna aliyemwambia pole. Ikaja tena baada ya magaidi kushambulia duka kubwa la Westgate 2013, mwaka uliofuata Wasomali maelfu wakafungiwa uwanja wa Kasarani kule Nairobi, wazee na akina mama na vitoto, waonyeshe vipande vyao wathibitishe kwamba hawajafanya kitu. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki ya kupiga kelele. Tuliuliza, mi nahusika vipi na mtu nisiyemjua eti kwa sababu tunaswali kibla kimoja?

Sasa mi nauliza, lile swali letu limekwenda wapi?

Maana watu wamelipizwa hivihivi kila upande. Wiki ya kwanza tu ya vita, kule Plainfield, Illinois, mtoto wa miaka 6 wa familia ya Kipalestina kachomwa visu na mwenye nyumba wao, akafa, mamake akanusurika na majeraha. Mwisho wa mwezi uleule, tarehe 29, vijana wa Dagestan kule Urusi wakavamia uwanja wa ndege wa Makhachkala wanawatafuta Mayahudi walioshuka kutoka Tel Aviv, wamefika mpaka kwenye njia ya kurukia ndege, wanasimamisha magari nje wanataka pasi za watu. Nilipoiona ile vidio nilifikiria ndevu za kaka yangu moja kwa moja. Na Oktoba 2025 Manchester, siku ya Yom Kippur, ambayo kwao ni siku ya kufunga na kutubu, mtu kagonga watu na gari nje ya sinagogi halafu akashuka na kisu, waumini wawili wakafa. Wazee wa sinagogi la Manchester wana jeshi gani?

Nikilisema hili barazani naambiwa kule Israel hakuna raia, wote wanajeshi, wote wamoja. Haya. Kulikuwa na mama anaitwa Vivian Silver, miaka 74, amezaliwa Canada, anakaa Kibbutz Be'eri, kijiji cha Israel hatua chache tu na Gaza. Miaka nenda rudi alikuwa anatetea amani na Wapalestina, alikuwa anawabeba wagonjwa wa Gaza kwa gari lake kutoka mpakani kuwapeleka hospitali. Aliuawa nyumbani kwake tarehe 7 Oktoba 2023, siku Hamas walipoivamia Israel, ilivyoungua ile nyumba zaidi ya mwezi walidhani ametekwa, mpaka Novemba ndo wakatambua mabaki yake. Mwanawe wa kiume tangu hapo anahubiri amani. Na siku 20 baada ya yale mashambulizi, Mayahudi kwa mamia walikaa chini kwenye stesheni ya Grand Central, New York, fulana nyeusi, maandishi yanasema si kwa jina letu, wakitaka mabomu yasimame Gaza, wakakamatwa zaidi ya 300. Hapa kwetu, ukweli usemwe, wengi wetu tumebandika status.

Kuna na wale vijana wawili wa Tanzania, walikwenda kusomea kilimo kule Israel, hawakumaliza hata miezi miwili wakauawa siku ileile ya tarehe 7. Mmoja alirudishwa akazikwa Rombo, mwingine maiti yake ilibaki Gaza miaka miwili, mpaka Novemba 2025 ndo ikarudishwa. Nilipowataja, mmoja barazani akauliza, kwani walifuata nini kule? Walifuata kile alichofuata mpwa wa mama wa madafu. Na kile wanachofuata dada zetu Saudia na Oman, ambao tukiletewa majeneza yao hatuulizi walifuata nini.

Msidhani upande wa pili wa barabara kuna nafuu. Jirani yangu mama mboga kapachika bendera ya Israel kwenye kibanda chake, katikati ya sukuma na nyanya, na matatu inayotupeleka mjini inayo pia kwenye kioo. Kwake Muisraeli hakosei, mchungaji kasema anayeibariki Israel atabarikiwa, basi, mabomu yote yamepata muhuri. Mi na yeye tunaheshimiana sana, ananikopesha mpaka mwisho wa mwezi. Nikamuuliza mama, unajua Gaza kuna Wakristo? Akasema hapana. Nikamwambia kuna kanisa la Mtakatifu Porphyrius, la zamani mno, la Waorthodoksi, Oktoba 2023 watu walikuwa wamejificha mle likapigwa, waumini wakafa chini ya kifusi. Akanyamaza akaendelea kukata sukuma, halafu akasema hao hawakuokoka. Nikaondoka na mboga zangu. Yaani yule mzee wa baraza na huyu mama, mmoja anamlaani Myahudi na mwingine anamsujudia, na wote wawili hawajawahi kukaa na Myahudi hata dakika moja. Wanaye wa kichwani tu, na huyo wa kichwani ni mzigo ukamtwishe chochote.

Anayewajua ni dereva mmoja wa trela hapa mtaani, anatoa mizigo bandarini anapeleka Uganda, Mbale hapo ashazoea. Kwa hivyo wiki iliyopita, kelele zimepanda, yeye akasema polepole, mi nawajua Mayahudi, weusi kama mimi, wanalima kahawa. Watu wakamcheka. Lakini ni kweli kabisa, Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, sinagogi lao kubwa liko kilima cha Nabugoye. Idi Amin aliwafukuza Waisraeli 1972 kwa ugomvi wake na serikali yao, na chini ya utawala wake hawa wakulima wa Mbale wakakatazwa dini yao, wakawa wanaswali kwa kujificha, wengine wakabadili dini, wakabaki mia chache. Wengi wao hawajawahi kuiona Tel Aviv. Na mpaka leo serikali ya Israel yenyewe imekuwa ikiwasumbua kuwatambua, kwa hiyo wao wanakosa kotekote. Mmoja wao, JJ Keki, alikuwa New York ile Septemba 11 ya 2001, akaiona kwa macho, aliporudi akazunguka kwa majirani zake Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa pamoja. Dereva hakujua historia yote hiyo, alichojua yeye ni kwamba gari lake liliharibika gearbox njia ya Mbale, akalala siku mbili kwa watu, na mwenye nyumba Ijumaa jioni akawasha mishumaa na akamuonyesha upande wa kibla aswali magharibi yake. Basi. Baraza likatulia kidogo, muuza kahawa akauliza, kahawa yao tamu?

Nilidhani tumefika mahali. Jana kwenye grupu la wasap la mtaa, tulikuwa tunachangisha za Gaza, mi nimetuma zangu, na katikati ya majina ya waliochanga Ami akaforwadi sauti ya mtu anayeeleza kwamba wazee wa Kiyahudi walikaa kikao cha siri wakapanga kuitawala dunia, mabenki, magazeti, vita vyote. Hiyo hadithi naijua ilikotoka. Ilichapishwa Urusi 1903, na mwaka 1921 gazeti la The Times la London likaiweka kando ya kitabu cha Mfaransa mmoja cha 1864, kilichokuwa kinamsema Napoleon III na hakina habari ya Mayahudi kabisa, wakakuta aya kwa aya zimenyofolewa mle. Wanazi wakaitumia hivyohivyo huku wanajua. Nikayaandika yote haya pale, taratibu, kwa adabu, nikianza na shikamoo Ami. Nikasema waliowapiga mabomu watu wa Gaza wana majina na vyeo, na Netanyahu ametolewa hati ya kukamatwa na mahakama ya ICC toka Novemba 2024, tumtaje huyo kwa jina lake, Urusi ya 1903 inatusaidia nini?

Watu wawili wakaweka dole gumba. Ami alichukua muda, naona tu anaandika anafuta, anaandika anafuta. Halafu ikaingia: "Mwanangu, hebu sema kweli, hao Mayahudi wanakulipa shingapi?"

Nikamjibu hawajanilipa bado, wakilipa nitaongeza kwenye mchango.