Theluji kwenye kitawi cha mvinje

Kwa onyesho la Krismasi maabarani nilitaka kitawi cha mvinje kivae theluji ndani ya bika, yaani chombo cha kioo cha maabara. Asidi ya benzoiki, ambayo ni unga mweupe, ikipashwa moto taratibu hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, kisha mvuke huganda kuwa fuwele, chembe nyeupe zinazofanana na theluji. Lakini kitawi kilibaki kijani, unga wote ukanata kwenye kuta za bika. Tatizo lilikuwa joto: karibu na kitako cha bika kitawi kilipata moto, na fuwele hutafuta penye baridi. Vilevile, zikipita nyuzi 122 za Selsiasi asidi huyeyuka.

Nikapunguza moto, nikakiinua kitawi, nikafunika bika kwa bakuli la kioo lenye barafu. Ukungu ulipotanda nikazima jiko, nikaacha vipoe bila kuvigusa. Sindano nyembamba nyeupe zikaota hadi kwenye ncha. Inapendeza mno! Madirisha yawe wazi, maana mvuke wa asidi hii unakohoza.