Tairi pana nyuma, pua inagoma kukata kona

Ukiweka tairi pana nyuma peke yake, ukaacha za mbele zilivyokuwa, mshiko wa nyuma unazidi wa mbele. Kwenye kona pua inasukuma nje, nawe unazidisha usukani bure. Ukifanya kinyume, mkia ndio unaotoka kwanza, na huo ni hatari zaidi kwa dereva wa kawaida, hasa akiachia mafuta ghafla katikati ya kona.

Rimu nayo ina neno. Tairi ya 205/55R16 (upana milimita 205, ya rimu ya kipenyo cha inchi 16) inakubali rimu zenye upana wa inchi 5.5 hadi 7.5. Kwenye rimu nyembamba kuta zake zinayumba, usukani unachelewa kujibu. Kwenye rimu pana kuta zinasimama, jibu linakuja haraka. Kwa hiyo unaweza kurekebisha mizani ya gari kwa rimu tu, tairi zikiwa zilezile. Ila ukitoka inchi 6.5 kwenda 7.5 kwa ofseti ileile (umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na sehemu inayofungwa kwenye habu), kila upande unaongezeka milimita 12.7: angalia fenda na shokomzoba.

Gari la magurudumu manne yanayovuta? Usichanganye vipenyo vya tairi, utaua difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.