Soya ya mama mwaka wa El Niño

Mama alirudi kutoka semina ya lishe pale zahanati na mbegu za soya alizozifunga kwenye pindo la kanga. Kwetu, upande wa Kongwa, Dodoma, soya ilikuwa ngeni. Watu walijua uwele, mtama, karanga. Ila ugomvi ulikuwa wa shamba. Mama alitaka matuta kama alivyofundishwa. Babu, mzee wa kuberega, yaani kufyeka na kupanda bila kulima, hakuona kwa nini mtu ajivunje mgongo kwa ajili ya maharage.

"Mwanangu, mvua ya huku ni ya kubahatisha. Ukiinua udongo unaukausha."

Hakukosea. Dodoma miaka mingi haifikishi milimita 600, na tuta huwahi kukauka kuliko sesa, yaani shamba la bapa lisiloinuliwa. Halafu angeanza habari za Wazungu wa karanga, Waingereza walioingia Kongwa 1947 na matrekta kulima karanga, wakashindwa na kufunga virago 1951. Sijui karanga zile zilihusiana nini na matuta ya mama, lakini kwa babu hadithi hiyo ilimaliza kila ubishi.

Wakagawana shamba: nusu matuta, nusu sesa, kuanzia kichanga chekundu cha juu hadi mbuga ya chini, yenye udongo mweusi wa mfinyanzi.

Msimu ule ulikuwa wa 1997/98, wa mvua za El Niño. Mvua ilipiga, jua likachoma, sesa ikafunga ukoko. Soya huota kwa kukunja shingo na kuivuta mbegu nzima juu. Nilibandua ukoko kwa kidole, nikakuta shingo nyeupe zimekatika chini yake. Kwenye matuta udongo ulikuwa laini, miche ikapenya.

Mvua zikazidi, mbuga ikawa bwawa. Soya ya sesa ikageuka njano. Mama aling'oa mche huku na huku, akapasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Cha tutani kilikuwa chekundu ndani kama nyama mbichi; cha sesa kimeoza, kinanuka.

"Mizizi imekosa hewa," alisema. "Vijidudu vinavyoipa mbolea vimekufa."

Kule juu kichangani, lakini, sesa ya babu ilisimama sawa na matuta yetu, naye alitukumbusha kila tulipopita. Mikono yetu ilikuwa na malengelenge. Yake haikuwa nayo.

Msimu uliofuata tukamkuta babu mbugani na jembe, anainua matuta. Mama akamuuliza ya nini.

"Ya viazi vitamu."

Mvua ya kwanza iliponyesha, akaja kuomba mbegu za soya.