Uso wa mwenye nyumba kwenye simu yangu

Niko Msamvu, Morogoro, kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu, huu mwaka wa tisa. Sijawahi kupokea noti bandia, wala wale wa "ile hela tuma kwa namba hii" hawajawahi kunipata, na mawakala wenzangu wamechoka kunisikia nikijisifu. Kumbe wa kunipiga ni kidole changu mwenyewe.

Simu yangu ya kazi ina programu mbili za kampuni moja: ya wakala, na ya mteja wa kawaida, ambamo naweka akiba. Zamani aikoni zao, yaani zile picha ndogo za kugusa, moja ilikuwa duka, nyingine pochi. Asubuhi moja, simu imejisasisha usiku, nikakuta duka hakuna na pochi hakuna. Zote mbili zimekuwa herufi ileile kwenye rangi ileile, na tofauti yake ni kijimstari chini ambacho kwenye jua la saa saba hukioni hata ukikinga kwa mkono.

Nikasema nitazoea. Akaja mteja kuweka laki na themanini, basi lake la Dodoma linapiga honi. Nikagusa, nikaandika namba, nikathibitisha, ujumbe ukamfikia, akakimbia. Jioni nafunga hesabu: taslimu na floti, ile hela ya kazi iliyo kwenye simu, nikijumlisha, vimezidi mtaji kwa laki na themanini. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimshukuru Mungu na nikanunua kuku.

Siku ya tatu nafungua akiba nilipe ada ya mtoto, ndipo nikaelewa yule kuku alikuwa wa nani. Hela ilikuwa imetoka mfukoni kwangu kama mtu anayemtumia ndugu yake: makato nimelipa, kamisheni sikupata. Utauliza, namba ya siri je? Nilikuwa nimeweka moja kwenye programu zote mbili. Nimeshabadilisha, na wewe kabadilishe.

Ushauri nilioupata baada ya hapo ndio ulionikera kuliko hasara yenyewe. "Si usome tu jina chini ya aikoni?" Jina lipi? Zote zinaanza na jina la kampuni, na simu ikifika katikati inakata na kuweka nukta tatu. Nimesoma nukta hizo hadi nimechoka.

Nikaenda kwa fundi, kijana mchangamfu, akaniambia, "Mama, hii nakuwekea kitu cha kisasa." Akawasha ule mpangilio uliofunguliwa kwa programu zote kwenye Android 13, mwaka 2022, wa aikoni kufuata rangi ya picha ya ukutani. Ukuta wangu una picha ya milima ya Uluguru. Basi kila kitu kikawa kijani: ujumbe kijani, kamera kijani, na zile mbili zangu kijani kabisa, zimejipanga kama kuruta wa JKT. Zile ambazo watengenezaji wake hawakuziandaa zikabaki na rangi zake, skrini ikawa kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Nililipa elfu tatu au tano hivi, na kioo cha kubandika juu. Kioo ni kizuri.

Mpwa wangu anayesoma kompyuta ndiye aliyenielewesha. "Shangazi, tatizo lilianza siku nyingi." Tangu Android 8 ya mwaka 2017, anasema, mtengenezaji anatoa picha na mandharinyuma yake, kisha simu inakata zote kwa umbo moja, duara au mraba wenye kona laini. Kwa hiyo ile sura ya pembeni, ambayo jicho huishika kabla hata ya rangi, imekwenda. Mwaka 2020 Google nao wakavipa Gmail, Kalenda, Drive na Meet rangi zilezile nne, bahasha ya Gmail ikabaki herufi M. Nikamkumbusha Instagram 2016, watu walivyolia kamera ya kahawia ilipoondolewa ikaja ile zambarau na machungwa. Walilia, lakini hakuna aliyeigusa akidhani ni kitu kingine, kwa sababu haikuwa na ndugu wa kufanana naye kwenye skrini. Mabadiliko hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kuvalisha mapacha sare.

Dawa sasa. Nilipakua Nova Launcher, programu ya kupanga upya skrini ya mwanzo, kutoka Play Store penyewe, maana matapeli nao wanaiga aikoni, hivyo angalia na jina la mtengenezaji. Ukishaipa kazi ya skrini ya mwanzo, unabonyeza aikoni kwa muda, unahariri, unaweka picha yako na jina lako. Wengi huishia kuweka picha za maua. Mimi nilikaa nikawaza: kidole changu kinamwogopa nani?

Programu ya wakala nikaiwekea uso wa mwenye nyumba, picha niliyompiga kwenye harusi, na jina KODI. Ya akiba nikaweka mwanangu akiwa na sare ya shule, jina ADA. Na nikazitenganisha, mzee juu kushoto, mtoto ukurasa wa pili. Tangu siku hiyo mteja akisema anaweka, mkono unakwenda kwa mzee wenyewe. Nikikosea nikafika kwa mtoto, moyo unakataa kumgusa. Kampuni imeshabadilisha aikoni tena mara moja. Mimi nimejua kwa kuambiwa.

Ila arifa zinakuja bado na aikoni ya kampuni, na ukifungua orodha ya programu zilizotumika karibuni unawakuta mapacha walewale. Humo siingii, naanza skrini ya mwanzo kila mara. Dada yangu ana iPhone, kule alitengeneza njia ya mkato yenye picha, ila kile kinamba chekundu cha ujumbe mpya hakionekani juu yake.

Wiki iliyopita mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi, nikiwa nimeacha simu mezani imewaka. Akainama, akavaa miwani.

"Mama Neema, huyu si mimi?"

Nikamweleza yote, pamoja na kuku. Alicheka hadi akakaa kwenye ndoo. Kodi hakupunguza, ila kesho yake alipita amevaa kanzu na kofia ya vito, akasimama mbele ya kibanda nimpige picha nyingine.