Nilivyochagua chasisi ya gari-nyumba la mita 6

Huku Ulaya wengi wanaacha magari-nyumba ya mita 7 na kuhamia kwenye vani za mita 6, maana zinaenea kwenye maegesho ya mjini na feri nyingi hutoza kwa urefu. Mimi nilianza na uzito: leseni ya daraja B inaishia kilo 3,500, gari likiwa limeshapakiwa.

Upana ndio ulioitoa vani ya Mercedes Sprinter kwenye orodha yangu. Ndani ina kama sentimita 178, kwa hiyo mtu mrefu inabidi alale kwa urefu wa gari, na hapo mita 6 hazitoshi. Fiat Ducato ina takriban 187. Kitanda cha kukingama kinakaa hata ukishaweka sufi ya kuzuia baridi.

Wanunuzi wengi hawajui kwamba Ducato ya kilo 3,500 ina chasisi mbili. Ile nyepesi inaruhusu kilo 2,000 kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma, ile nzito iitwayo Maxi inaruhusu 2,400. Jumla ni ileile, lakini kitanda na mizigo vikiwa nyuma, ile nyepesi hufika kikomo cha ekseli mapema. Nilichukua Maxi. Ikiwa tupu inarusha kidogo, sawa tu.

Hesabu yangu ya uzito, kwa kilo: gari na dereva 2,080, makabati, sufi na umeme 520, maji lita 100, yaani kilo 100, mitungi miwili ya gesi 45, kivuli cha pembeni 28, abiria 75, nguo, vyombo na chakula 150. Jumla 2,998.

Baiskeli mbili na kibebeo chake ni kilo 50. Zikining'inia mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa umbali wa mita 4.03 kati ya ekseli, nyuma inabeba 67 na mbele inapungua 17. Ducato huvutwa na magurudumu ya mbele, hivyo mbele ikiwa nyepesi, kwenye nyasi zilizolowa yanazunguka bure. Ndiyo maana tangi la maji nililiweka kati ya ekseli mbili.

Kwenye mizani usipime jumla peke yake. Pandisha magurudumu ya mbele, andika, pandisha gari zima, andika, kisha toa namba ya kwanza kwenye ya pili upate uzito wa ekseli ya nyuma. Pima matangi yakiwa yamejaa na abiria wakiwa ndani.