Futari ya nanasi kando ya lori

Jioni ya kwanza tulifuturu kwa nanasi tupu, na kwa tumbo lililofunga hilo ni kosa. Nilikuwa na miaka 12. Kipande cha kwanza kilishuka kama baraka. Cha nne, ulimi ukaanza kuwasha. Cha sita, pembe za mdomo zikachanika na tumbo likawaka kama limemwagiwa siki. Nikalala nimejikunja kwenye kichwa cha lori, nimelaza kichwa mapajani mwa shangazi. Mvua ilikuwa inapiga bati juu yetu, na nyuma shehena ya mananasi ya baba inazidi kuiva gizani.

Ilikuwa Januari 1998. Waliokuwepo wanazikumbuka mvua zile za El Nino, zilizoanza mwaka 1997 ukielekea kwisha na kuvuka nao mwaka. Ramadhani nayo ilikuwa imeangukia humo humo. Baba alikuwa mchuuzi wa mananasi: ananunua mashambani Kiwangwa, anapakia lori la kukodi, anashusha Bagamoyo, na yanayobaki yanakwenda Dar es Salaam. Shule zilikuwa hazijafunguliwa, nikamwomba anichukue, akakubali. Shangazi, dada yake mkubwa wa tumbo moja, tulimkuta huko Kiwangwa anatoka kwenye arobaini ya jamaa yetu. Akapanda nasi ili arudi nyumbani, na kikapu chake miguuni.

Siku hizi barabara ya kutoka Bagamoyo hadi Msata ina lami, kilometa 64 zote. Wakati ule ilikuwa udongo mtupu. Tulikuwa tumeshaipita Fukayosi, bonde la Ruvu bado liko mbele yetu, tairi la nyuma la kushoto likazama kwenye tope jeusi, lile la mfinyanzi linalonasa kama ulimbo. Dereva akakanyaga mafuta, lori likazidi kukaa. Utingo akakata matawi akayasokomeza chini ya tairi, tope likayameza. Mbele yetu kulikuwa na basi dogo lililokwama tangu asubuhi, na kabla ya magharibi likaja lori la mkaa nyuma yetu, nalo likanasa. Tukawa kijiji.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku ya pili alipungukiwa hata na yale machache. Tangu kulipopambazuka alikuwa akilizunguka lori. Anafunua turubai, anachomoa nanasi moja, analigeuza na kulinusa kitakoni, analirudisha. Nanasi huwezi kulijua kwa rangi peke yake, linanuswa pale chini lilipokatwa: likinukia sukari limefika, likianza kunukia pombe limekupita. Alivyokuwa akirudisha lile moja na kuchukua jingine nilielewa kwamba ile harufu ya pili ilikuwa imeshaanza. Sehemu ya mtaji haikuwa yake, alikuwa amekopa. Juisi ilikuwa ikidondoka kwenye mbao za bodi, na nyuki walikuwa wameshajua.

Niseme jambo moja kuhusu baba ili yanayofuata yaeleweke. Katika safari zake zote hakuwahi kutukatia nanasi la mzigo. Nyumbani tulikula mananasi, lakini yale yaliyorudi sokoni bila mnunuzi. Mzigo ukiwa juu ya lori ulikuwa mali, na mali, kwake, haikuguswa. Hata yale ya jioni iliyopita aliyanunua kwake mwenyewe: nilimwona akiandika kwenye kidaftari chake, mananasi manne, na bei.

Baada ya sala ya adhuhuri shangazi akamwendea.

"Mdogo wangu, yale ya chini yamebondeka. Kesho yatakuwa siki. Nipe kumi."

"Dada, lori bado limo topeni, wewe unagawa?"

"Sigawi, napika. Mtoto jana amelala na moto tumboni. Leo unataka umfuturishe nanasi hilo hilo?"

Baba akanitazama. Kisha akapanda juu ya bodi mwenyewe, bila kumwita utingo, akaanza kushusha. Sikuona kidaftari.

Utingo alikuwa na jiko lake la mkaa na kikaango cha chuma, kizito, cheusi, alichozoea kukaangia mayai na samaki. Shangazi akakisugua kwa majivu na maganda ya nanasi mpaka harufu ya samaki ikatoka. Ukali wa nanasi unang'arisha chuma kuliko sabuni, na mpaka leo mimi husugua hivyo. Mkaa ukatoka kwenye lori la nyuma, na mwenye mkaa akakataa kulipwa. Turubai moja tukaifunga kutoka ubavuni mwa lori hadi kwenye mti ili kufanya kibanda, na maji ya mvua yaliyotiririka pembeni yake tukayakinga kwenye ndoo.

Kikapu cha shangazi kilikuwa na unga wa mchele aliotwanga kwa ajili ya mwezi huo, nazi mbili, sukari, hamira iliyofungwa kwenye karatasi, na vijiti vichache vya mdalasini. Iliki alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga. Alikuwa na nia ya kwenda kutupikia mkate wa kumimina nyumbani. Mbuzi ya nazi hatukuwa nayo. Utingo akapigilia vifuniko viwili vya soda kwenye kijiti, vimeangalia juu kwa meno yake, akaanza kukwangua nazi polepole, chenga zikitoka kubwa kubwa. Mikono yake ilikuwa na grisi kwenye kucha, na shangazi alimnawisha mara tatu kabla ya kumkabidhi. Tui la kwanza likatoka zito. Akalichanganya na unga, sukari na hamira, akaufunika ule uji na kuuweka ndani ya kichwa cha lori, vioo vimefungwa, kwenye lile joto la kunata. Alasiri ilipoingia ulikuwa umeumuka na kutoa mapovu.

Kazi ya kumenya ilikuwa yangu. Shangazi alinionyesha kwamba macho ya nanasi yamejipanga kwa mistari ya mshazari, na kisu kikifuata mstari huo kikikata mfereji mwembamba, unayatoa yote bila kupoteza nyama. Nilimenya manane. Mawili yalikuwa yameshachacha, tukayatupa mbali ili nyuki wahamie huko.

Ninachokikumbuka kwa karibu kuliko vyote ni sukari. Aliiweka peke yake kwenye kikaango kikavu na kunikataza kuikoroga. Kwanza haikufanya kitu. Kisha pembeni ikaanza kulowa kama mchanga unaofikiwa na maji yanayojaa, ikayeyuka kuelekea katikati, ikawa ya manjano, ikageuka rangi ya chai ya rangi. Hapo hapo akamimina nanasi. Kikaango kikapiga kelele, mvuke ukatupanda usoni, na ile sukari ikagandamana vipande vipande kama kioo. Nilidhani imeharibika. "Iache," akasema. Nanasi likatoa maji yake, kile kioo kikayeyuka tena ndani yake, na harufu ikaondoka pale ikafika kwenye basi, maana watu walianza kushuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wenye majiko ya oveni na vanila na siagi. Wanaona nanasi limelainika, wanamwaga unga. Nanasi lina maji mengi. Usipoyakausha unga unakaa juu ya supu, chini unabaki ugali. Shangazi alingoja mpaka alipopitisha mwiko katikati njia ikabaki wazi kwa kitambo kabla ya kufunga. Ndipo akatia iliki na mdalasini, akamimina nusu ya uji juu yake, akafunika kwa sinia la bati, akaweka makaa juu ya sinia.

Uliungua. Wanawake wa basini walikuwa wamekuja kusalimiana naye, na utingo, kwa nia njema kabisa, akaongeza mkaa jikoni. Tulipofunua, juu kulikuwa kubichi na chini kumeshakuwa kama lami. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mawingu na watu kama ishirini wamekaa, hakuna aliyesema neno. Shangazi alisimama ameshika sinia kwa pindo la khanga, na kwa mara ya kwanza katika safari ile niliona macho yake yamejaa.

Baba alikuwa amesimama mbali, karibu na tairi lililozama. Akaja. Akachuchumaa mbele ya jiko, suruali ikigusa tope, akachukua vijiti viwili na kuanza kutoa kaa moja moja kutoka chini, akiziweka pembeni kwa mpango. Akakwangua kikaango kwa mwiko, akakisuuza.

"Dada, moto wa chini ulikuwa mwingi. Chini makaa matatu, mengine yote juu. Na ya juu yasikae katikati, yazunguke ukingo."

Shangazi akamtazama. "Kumbe unakumbuka."

"Si mimi niliyekuwa napalia? Kila Ramadhani. Mama alikuwa hamwamini mtu mwingine."

Nilikuwa sijui. Miaka 12 nimeishi nyumba moja na mtu huyu, na nisingeweza kukisia kwamba aliwahi kukaa jikoni na bibi yangu, bibi ambaye sikumkuta, akihesabu makaa juu ya kifuniko. Nikaenda nikachuchumaa kando yake. Hakunifukuza. Akanipa kijiti kimoja na kunionyesha namna ya kusogeza kaa linalofifia na kuleta linalowaka bila kutingisha sinia.

Shangazi akayeyusha sukari upya, akatia nanasi lililobaki, akalingoja likauke, akamimina uji wa mwisho. Kimya kikawa kirefu. Dereva alikuwa na redio ya betri, akatuambia saa moja kasorobo imefika, tukanywa maji ya mvua na tende mbili mbili zilizotoka kwa bibi mmoja wa basini. Kisha baba akainua sinia.

Juu kulikuwa na rangi ya samli, kumejaa vitundu vidogo vidogo. Pembeni kote maji ya nanasi yalikuwa yamepanda na kuchemka polepole, meusi mekundu, yakivuta nyuzi. Shangazi akapitisha kisu ukingoni, akafunika kwa sinia lile lile, akapindua kwa mkono mmoja. Vipande vya nanasi vikakaa juu, vinang'aa kwenye mwanga wa kandili.

Kila mtu alipata kipande kidogo, kinachoenea kiganjani. Kilikuwa cha moto, ukilamba vidole navyo vinaungua. Nanasi lilikuwa bado na uchachu wake, lakini ule ukali wa kuuma ulimi ulikuwa umekwisha. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilikuja kusoma kwamba nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, kinachovunjavunja protini, na ndicho kinachowasha mdomo. Joto la moto hukiua. Shangazi hakuwa na jina hilo. Alijua tu kwamba tumbo langu halingeungua tena, na halikuungua.

Unga uliisha, watu hawakuisha. Baba akasimama, akapanda juu ya bodi, akashusha mananasi mengine. Sikuyahesabu, wala yeye hakuyahesabu. Akakaa kwenye tairi la akiba na kisu cha dereva akawa anamenya, anatupa maganda gizani, anamenya. Shangazi aliyapika yale kwa tui lililobaki na mdalasini, bila mkate, watu wakala kwa mikono. Mwenye lori la mkaa alipika kahawa. Mtu mmoja aliuliza, "Mzee, mali yako yote hii?" Baba akasema, "Kula, kuna usiku mrefu." Usiku ule hakulizunguka lori. Alilala kwa kukaa, ameegemea tairi, na mimi nimeegemea bega lake, na nguo zake zilikuwa zinanuka moshi na sukari iliyoungua.

Daku tulikula masazo. Yalikuwa baridi na yameganda, matamu vile vile.

Siku ya tatu mvua ikakatika, trekta likapatikana, tukavutwa mmoja baada ya mwingine. Karibu nusu ya mzigo ulikuwa umeharibika. Hasara ile ilichukua muda mrefu kulipwa, na nakumbuka ilivyolipwa, lakini hayo ni mengine.

Tulifika Bagamoyo alasiri. Mama alikuwa kizingitini, uso umemkauka kwa siku mbili za kutojua tuko wapi. Akanikagua mimi kwanza, akamshika shangazi mikono, kisha akamgeukia baba.

"Mzigo vipi?"

Baba akaweka chini kapu lenye mananasi matatu. Akavua viatu, akavigonga ukutani tope likaanguka.

"Unga wa mchele upo?" akauliza.

Mama akanitazama mimi, akamtazama shangazi. "Upo."

"Basi washa jiko. Leo napalia mimi."