Okestra ndani ya kasri la Esterházy: nilivyoipata bila suti wala mstari wa mbele

Ukitaja tu kwamba unataka kusikiliza okestra kwenye kasri huko Austria, ushauri unamiminika: kashone suti nyeusi, lipia mstari wa mbele, tiketi utazipata kwa wale jamaa wa mawigi meupe wanaozunguka karibu na kanisa la Stephansdom, Vienna. Yote matatu niliyapuuza, na sioni nilichokosa.

Nianze na mawigi. Kabla hela haijatoka mfukoni, soma jina la ukumbi. Onyesho linalouzwa kwa jina la Schönbrunn, kasri la kifalme la Vienna, kwa kawaida hupigwa Orangerie, jengo refu la pembeni lililojengwa ili michungwa isife baridi. Si pabaya, kwani watunzi Mozart na Salieri walipambanishwa humo humo tarehe 7 Februari 1786. Ila kama ulifuata vyumba vya kifalme, utatoka umenuna. Halafu tiketi nyingi za mtaani zina daraja tu, A au B, bila namba ya kiti. Ukifika ndipo unapangiwa.

Mimi nilikwenda mji wa Eisenstadt, kusini mwa Vienna, kwenye kasri la Esterházy, kwa mabwana waliomwajiri mtunzi Joseph Haydn mwaka 1761. Tiketi nilinunua kwenye tovuti ya kasri lenyewe, nikajichagulia kiti kwenye ramani. Kama euro 40 na kitu. Wakija wapigaji wenye majina, bei inaruka hadi 100 na zaidi.

Kiti ndicho cha kuumiza kichwa. Ukumbi wa Haydn, humo kasrini, ni kama kasha la viatu: urefu mita 38 hivi, upana karibu 15, kimo 12 na ushee. Sauti inagonga kuta za pembeni na kukufikia ikiwa imeshaungana, ila si kwa aliye mbele kabisa. Huyo anasikia fidla mbili tatu zilizo karibu naye na mpigaji anavyovuta pumzi, huku filimbi na tarumbeta zikipita juu ya kichwa chake. Nyuma nako sakafu ni tambarare, kwa hiyo unatazama visogo. Nilichukua kiti cha ukingoni mwa njia ya katikati, theluthi moja kutoka jukwaani; njiani hakuna kichwa cha mtu. Kama kuna piano na unataka kuona vidole, kaa upande wa kushoto.

Suti? Aliyelazimishwa na mkataba kuvaa soksi ndefu nyeupe na kupaka unga nywele ni Haydn. Wewe hujasaini chochote. Shati safi linatosha, na viatu visivyolia, maana sakafu ni ya mbao. Pipi ya kikohozi ifungue kabla hawajaanza.

Sasa makofi. Fungua kijitabu cha programu: chini ya kila kazi kuna maneno ya Kiitaliano, Adagio, Presto na mengineyo. Kila mstari ni sehemu moja. Simfonia, yaani kazi ya okestra nzima, huwa na 4; konseto, ya mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra, 3. Mimi hukunja kidole kila muziki unaposimama. Siku hizi kupiga makofi kati ya sehemu kunakutia aibu, ingawa enzi za Haydn mwenyewe watu walipiga tu.

Lakini vidole peke yake havitoshi, na jioni ile walipanga Simfonia Na. 90, ambamo Haydn ametega mtego. Sehemu ya nne inafika mwisho kwa kishindo, okestra nzima inatua kwenye noti ya C, ile ya nyumbani, kisha kimya. Vidole vyangu vinne vilikuwa vimeshakunjwa, ila fidla zilikuwa bado zimebanwa kidevuni. Nikatulia. Ukumbi ukalipuka makofi, akiwemo mzee wa tai ya kipepeo aliyekuwa amegeuka kunikagua shati tangu mwanzo. Muziki ukarudi kwa sauti ya chini, nusu toni juu, na mzee mikono ikamganda hewani. Na kwa kuwa kipande hicho hurudiwa, dakika chache baadaye akanaswa tena! Fidla zikishuka, kondakta akigeuka, hapo piga hadi viganja viwake.

Basi la kwenda Eisenstadt kutoka Hauptbahnhof, stesheni kuu ya Vienna, huchukua saa moja na kitu. Nenda mchana, upande hadi kanisa la Bergkirche, humo humo mjini, kuona kaburi la Haydn. Kichwa chake kiliibwa mwaka 1809, kikarudishwa 1954, na kile kilichowekwa badala yake hakikutolewa, kwa hiyo mle mna mafuvu mawili.

Basi la mwisho la kurudi liangalie kabla hujanunua tiketi, hasa Jumapili na sikukuu. Jumlisha dakika kumi za vipande vya nyongeza, kisha foleni ya makoti. Foleni niliikwepa kwa kuvaa jaketi jembamba linalokunjika likaingia kwenye mkoba. Wenzangu wenye makoti mazito walipofika kituoni wanahema, mimi nilikuwa nimeshakaa dirishani.